Yah: Kusitisha Mbio za Binti Yangu Esteri

Kagerankanda, Kasulu.

Mwalimu wa Michezo, Mwalimu Mudathiri,

Mwakeye? Sisi huku tumeamka, na mwaka huu maharage yametukubali. Baada ya salamu hizo, naomba nilalamike kidogo, kwa heshima.

Mama yake Esteri, marehemu Theodosia, alitutoka mwaka jana wakati wa kupanda. Tangu hapo mimi na Esteri, mwenye miaka kumi na sita, tulikuwa na utaratibu wetu. Akirudi kutoka shule anakaa jikoni kwenye kigoda cha mama yake, mimi nakaa mlangoni, na hakuna anayemsumbua mwenzake kwa maneno. Nyumba ilikuwa imetulia. Ndipo wewe ukamwandikisha mbio ndefu, ukisema kijana mwenye huzuni akitoka jasho, na moyo hupata nafuu. Sikukukatalia. Sasa tazama.

1. Chakula. Sahani moja ya ugali wa muhogo ilitutosha wawili, na kuku wakabakiziwa. Siku hizi Esteri anakwangua hadi sufuria. Kuku wananitazama kana kwamba ni mimi niliyebadili sheria.

2. Usingizi. Zamani tulikesha wawili, kila mtu chumbani kwake, nikimsikia anavyojigeuza. Sasa anakoroma. Nimeachiwa peke yangu kazi ya watu wawili.

3. Kelele. Anaosha vyombo akiimba wimbo aliouimba mama yake akipepeta maharage, na ubeti wa pili anaukosea. Nilivumilia siku tatu. Ya nne nikalazimika kumsahihisha, na ubeti hausahihishwi bila kuimbwa. Jirani yangu Ndihokubwayo akauliza toka ng'ambo ya ua, "Tharsisi, ni wewe au umenunua redio?"

4. Hili ndilo zito. Wewe Mwalimu umetoka pwani, hujui kwamba huku kwetu mtu akikimbia mlimani bila mzigo wala kufukuzwa, amebeba habari ya msiba. Jumanne ile ya kwanza ya mazoezi Esteri alipita mashambani mbio, hakusimama kumsalimia mtu. Watu wakaweka majembe chini. "Tharsisi naye amekwenda!" Jioni wakajaa uani kwangu na kuni na mikungu ya ndizi, mama mmoja tayari analia. Wakanikuta mlangoni namenya muhogo.

Mmoja wao, Nkunzimana, alikasirika kweli. "Mzee, tumeacha palizi kwa ajili yako, kumbe uko hai?"

Nikaomba radhi. Lakini chakula kilicholetwa msibani hakirudi kwa mwenyewe, kwa hiyo wakapika, wakala, wakakaa. Esteri akawasimulia jinsi mama yake alivyomfukuza mbuzi hadi ndani ya kanisa, mguuni ndala moja. Watu wakacheka, wakalitaja jina la Theodosia, ambalo kwangu halikuwa limetajwa tangu tumzike. Mimi nilidhani tukicheka atakuwa amekwenda kabisa.

Sasa wanakuja kila Jumanne. Hata hawaulizi nani kafa.

Kwa hiyo naomba Esteri aondolewe kwenye mbio na kurudishwa kigodani, kabla hajapona kabisa akaniacha huku nilipo.

Nisalimie mkuu wa shule, walimu wote, mpishi wa uji, na yeyote anayekuamkia asubuhi.

Ni mimi mzazi mwenye malalamiko,
Tharsisi Habonimana

N.B. Nimemtafuta Esteri abebe barua hii, kumbe leo ndiyo siku ya mashindano Kibondo, ameondoka alfajiri kuja huko shuleni. Viatu vyake vya mbio amevisahau juu ya kigoda cha mama yake. Gari lenu linaondoka saa mbili, na mlima huu haumalizwi kwa mwendo wangu wa kawaida. Itabidi nikimbie. Nikifika, pokea viatu kwanza, barua isubiri. Na ukiona kijiji kizima kinanifuata na kuni na ndizi, tafadhali waambie hakuna aliyekufa.