Mwili Wangu Uwe Mali ya Kitongoji

Kwako Mwenyekiti wa Kitongoji chetu,
Mzee Mbaraka,
Kanga, Mafia.

YAH: OMBI LA MWILI WANGU KUANDIKISHWA KUWA MALI YA KITONGOJI

Shikamoo baba. Ukishaniitikia, tafuta pa kukaa, maana barua hii ni nene kuliko mwandishi wake.

Mimi ni Sabra, mke wa Kombo mvuvi, yule mwanamke ambaye akipita kisimani watu husema "maskini". Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mpangilio wa barua unisahihishe, mradi usinisahihishe mwili. Hao wasahihishaji ninao wa kutosha.

Tangu nijifungue Taufiki wangu, ambaye sasa ameanza kukaa mwenyewe, mwili huu umekuwa shughuli ya watu wote. Desturi yetu unaijua: mzazi akitoka arobaini awe amejaa, shingo ina mikunjo, mume apongezwe kwa matunzo. Mimi nilitoka kama nilivyoingia, ukiondoa mtoto. Tangu hapo Kombo akirudi na samaki anaulizwa kama huwa anawamaliza njiani. Wengine wameshanipima kwa macho na majibu wameyapata, wanapeana pembeni.

Hayo yote ningeyameza, na mimi kumeza sasa ni fundi. Ila Shangazi Somoe wa Baleni, shangazi yake Kombo, ametuma salamu kwamba maziwa ya mzazi mkondefu ni maji matupu, hayamkuzi mtoto. Anakuja Ijumaa baada ya sala kunitazama. Akinikuta bado hivi, atamwachisha Taufiki ziwa na kuondoka naye Baleni, akalelewe kwa uji na watu wenye miili yao. Kombo hajawahi kumkatalia shangazi yake, ndiye aliyemlea. Yeye anashona tu nyavu ambazo hazijachanika.

Usidhani basi kwamba sikujitahidi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wifi yangu Mize, anayefuga kuku wa kisasa, aliniambia siri ya unene anayo bandani. "Tazama kuku wangu," alisema, "wanakuja wepesi kama pamba, muda si muda hawawezi hata kutembea. Nakwambia kwa mapenzi tu, wifi." Akanipimia chakula cha vifaranga nikoroge kwenye uji. Nikala, na nikamshukuru, maana si kila wifi atakugawia riziki ya kuku wake. Kunenepa sikunenepa, ila niliujua mlango wa choo kuliko mlango wa chumba changu. Na nilipokuwa nimekaa huko nikakumbuka jambo ambalo mimi na Mize hatukuliwaza mwanzo: kuku wale wakishanenepa, huwa wanapelekwa wapi?

2. Hili linagusa nyumba yako, nalileta kwa heshima. Mkeo, Mama Zubery, alinipa vidonge kwenye kimfuko cha nailoni, havina jina wala maandishi, kavinunua kwa mchuuzi anayepita na begi. Aliapa kwamba vimemjaza nyama mwanamke mmoja wa Kilindoni, ambaye mpaka leo hakuna anayemjua jina wala nyumba. "Kunywa mwanangu, nakwambia kwa mapenzi tu." Nikanywa. Baba, vilifanya kazi! Uso ulijaa, tena ulinenepa peke yake bila kuziaga sehemu nyingine za mwili. Nikichungulia dirishani napongezwa, nikitoka nje nasikitikiwa. Na usingizi ukawa unaniangusha popote.

Hapa niruhusu niweke mzaha chini kidogo. Mchana mmoja nilimlaza Taufiki mkekani, nikasema na mimi nijinyooshe. Nilipozinduka, Mize alikuwa amembeba. Mtoto sauti imemkauka kwa kulia, na amebiringika mpaka kwenye majivu ya jiko. Jiko lilikuwa limepoa, alhamdulillahi. Mimi sikusikia kitu. Mimi ambaye akikohoa tu maziwa yanachuruzika yenyewe. Nilivipeleka vile vidonge zahanati. Nesi Apolonia akavigeuzageuza kiganjani, akasema anayevijua ni aliyevitengeneza, na kwamba ule haukuwa unene, ni uvimbe. Nikamwachia vyote. Uvimbe ukashuka, na pongezi za dirishani zikaisha siku hiyo hiyo.

3. Kila mtu ana yai lake. Yai bichi kwenye soda, yai bichi kwenye maziwa ya kopo, kijiko cha mafuta ya kupikia natiwa mdomoni hata bismillahi sijaimaliza. Mzee mmoja akanishauri nisitembee wala nisitoke juani, nikae tu kama mgeni rasmi. Nikamuuliza, mwani wangu nani ataufunga kwenye kamba? Akasema yeye ametoa ushauri, hajatoa mikono.

4. Juzi tulipopeleka mwani kwenye banda la mnunuzi, wenzangu wakaona ni vyema ubishi umalizwe kitaalamu. Nilikuwa nimevaa taiti tatu na sketi mbili chini ya dera, mbinu ya Mize hiyo, nionekane nimejaa nyuma. Jua lile, baba, nilikuwa naiva kama muhogo sufuriani. Wakaniingiza kwenye gunia, wakanitundika kwenye mizani ya kuning'inia. Kheri, kijana wa mizani, akatazama mshale, akanitazama mimi, akatangaza mbele ya banda zima: "Huyu amekauka vizuri, hana mchanga, daraja la kwanza!" Watu walishika mbavu. Na mimi nilicheka. Nilicheka nikiwa ndani ya gunia, ambamo mtu haonekani sawasawa anafanya nini.

Baada ya kushushwa nimefikiri, nikaona kosa ni langu. Nilidhani mwili huu ni wangu, kumbe ni kama kisima, kila mwenye ndoo ana neno. Kwa hiyo naomba uandikishwe rasmi kuwa mali ya kitongoji, uwekwe pamoja na ile pampu mbovu ya kisimani, kwa masharti yafuatayo:

(a) Yeyote atakayesema "mbona umekonda" ahesabiwe kuwa amejitolea chakula changu cha siku hiyo. Wali wa nazi, samaki, maharage na mboga. Ushauri asilete, ushauri nimeshiba.

(b) Mali ya umma haitunzwi na mtu mmoja. Maji yake, kuni zake na mwani wake vifanyiwe zamu, nayo ipate kulala mchana kidogo bila vidonge. Nesi Apolonia anasema dawa yangu ndiyo hiyo, kula vya nyumbani mara nyingi na kupumzika. Nimemuuliza huko kupumzika kunauzwa duka gani. Mama Zubery aanze zamu, kwa mapenzi tu.

(c) Kwa kuwa mwili ni wa kitongoji, maziwa yaliyomo nayo ni ya kitongoji. Na kwa kuwa Taufiki haachani na maziwa hayo, naye ni sehemu ya mali, kama bomba na koki yake. Hivyo hawezi kuhamishiwa Baleni bila mkutano mkuu kuitishwa, akidi kutimia na muhuri wako kugongwa. Shangazi Somoe aelezwe kwamba ni sheria inayokataa, si mimi.

Kuhusu hayo maziwa ya maji matupu, kila nikienda kliniki Taufiki amepanda uzito. Mapaja yake yana ile mikunjo niliyotakiwa niwe nayo mimi shingoni. Kama kitongoji kinautafuta uzito wangu, haukuibwa wala haukupotea. Nimeubeba mgongoni kila asubuhi, unanivuta nywele.

Kama daftari la mali limejaa, baba, au sheria hairuhusu kuandikisha mtu, basi naomba kitu kidogo tu. Ijumaa uje mwenyewe, ukae upande wangu wa mkeka. Huna haja ya kusema neno. Shangazi akikuona umekaa pale, atamshika mtoto, atamwona alivyo mzito, na huenda akaona haya kumchukua mbele yako. Na Kombo akikuona, huenda naye akaipata sauti yake. Mimi naamini anayo, nimeshawahi kuisikia.

Nisalimie Mama Zubery, mwambie sina kinyongo, na uso wangu nao unamsalimia. Nisalimie Zubery na mkewe Tumaini. Ukipita bandani kwa Mize, nisalimie kuku wake wote ambao bado wapo. Kheri wa mizani pia, mwambie namwombea mke mnene, tena mwenye maneno.

Ni mimi niliyekauka vizuri,

Sabra Iddi
(Mama Taufiki)
Daraja la Kwanza

N.B. Haya nayaongezea nikiwa barazani kwako, nimeileta barua mwenyewe. Aliyenikaribisha ni huyu mkweo Tumaini na kichanga chake. Baba, mbona mtoto wa watu amekonda hivi? Si juzi tu ametoka arobaini? Shingo imebaki kama mpini wa jembe. Kwani hali? Zubery hamtunzi? Mashangazi wa kwenu wakija wakamkuta katika hali hii watasemaje, na wakitaka kumchukua mtoto je? Mwambie kesho apite kwangu. Chakula cha vifaranga kimebaki karibu nusu ndoo, nitamkorogea uji wake nimtilie na yai. Huu si ushauri, baba. Nakwambia kwa mapenzi tu.