Mlango wa Nakshi wa Karakana

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimepata njia. Mjukuu wangu Hadil anataka kuhamia Mombasa kwa shangazi yake. Anasema chuo chetu cha ufundi hapa kisiwani Amu kinafundisha injini kwa michoro ya ubaoni tu. Nimemlea tangu mama yake afariki. Akiondoka, nitabaki na paka. Kwa hiyo jumuiya yetu ya huduma, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, itainua elimu ya chuo. Tutaipa karakana yake mlango wa nakshi; upo mmoja tayari kwa fundi. Nani atakimbia elimu yenye mlango kama huo?

Jumatano, 7 Mei
Mlango umesimama. Miimo ya kushoto na kulia minene, maua yamechongwa vyema, jina la jumuiya juu. Lango pana la bati lililokuwapo tumelitupa. Bi Swafiya wa jumuiya ya kina mama alipita, akauliza kama wanafunzi watafundishwa injini au kubisha hodi. Nilimweleza kuwa hapa Amu mtu hutazama mlango wako kabla hajakuamkia. Akasema yeye aliwauliza wanafunzi wanahitaji nini. Kuwauliza wanafunzi! Ajabu.

Alhamisi, 8 Mei
Kina mama wameleta injini ya mashua, ya dizeli, nzima. Haikupita mlangoni. Miimo imemeza nafasi. Hamali waliigeuza kila upande. Hadil alinishika mkono: Babu, mwimo mmoja tu ung'olewe, nikijifunza kwa injini hii, siendi popote. Nilimwambia asubiri. Mgeni wa heshima atauzindua mlango Jumatatu. Haung'olewi kabla haujazinduliwa.

Jumamosi, 10 Mei
Mvua kubwa. Turubai lililofunika injini pale nje lilipeperuka, injini imejaa maji. Hadil alikaa chini akiipangusa kwa leso kuukuu ya mama yake. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatatu, 12 Mei
Mgeni hakuja, alituma salamu. Nilikata utepe mwenyewe. Nilimtafuta Hadil kati ya waliopiga makofi. Bi Swafiya alinijia polepole, bila mzaha safari hii, akaniambia amemwona asubuhi akipanda boti ya Mokowe, ya kwenda bara, na sanduku. Nyumbani alikuwa ameniachia chai kwenye chupa. Nilidhani amewahi darasani.

Jumanne, 13 Mei
Nyumba kimya. Chai imepoa, sijaimwaga. Nimefikiri sana, nimeliona kosa: nakshi ilikuwa chache. Nimeagiza mlango wa pili, wa darasa, wenye jina la Hadil juu. Akisikia, atarudi. Fundi aliuliza nafasi ya kupita iwe na upana gani. Nilimwambia apime nakshi kwanza, nafasi itakayobaki ndiyo wanafunzi watakayopitia.