Mafuta ya Bwana Tackett

Vernon Tackett alijaliwa pua ya fisi: mzoga aliunusa kabla haujafa. Asubuhi ile alikuwa akinywa kahawa ya bure katika ukumbi wa kijiji cha wastaafu cha Ocotillo Bend, kando ya mji wa Tucson, alipowaona wazee wakifungua visanduku vyao vya vidonge na kuanza kumeza. Kulikuwa na kidonge cha presha, kingine cha kutuliza madhara ya kile cha presha, na cha usingizi, kwa kuwa hicho cha pili kiliufukuza.

"Tumekuwa maduka ya dawa yenye miguu," akanung'unika Mzee Odell Stubbs, dereva mstaafu wa malori. "Mtu akinitikisa, nalia kama kayamba."

Vernon akaiweka kahawa chini kwa unyenyekevu, mfano wa mtu aliyesikia wito. Na kweli aliusikia, ingawa haukutoka mbinguni.

Haikupita juma akarudi amevaa koti jeupe, akijiita mshauri wa bangi ya tiba. Mkononi alikuwa na vichupa vya kuuza, vyenye picha ya jani la kijani, na ndani yake mafuta ya zeituni aliyoyanunua dukani, ng'ambo ya barabara.

"Matone matatu chini ya ulimi, wazee wangu, na hivyo vidonge mtavisahau," alisema. "Nileteeni vyote nivikague."

Hapo ndipo penye ujanja wake. Kila mwaka mfamasia wa kijiji huwataka wazee walete dawa zao zote katika mfuko wa karatasi, azipitie moja baada ya nyingine. Desturi hiyo waliizoea kama sala ya chakula. Wakaleta mifuko bila swali. Tofauti ni kwamba mifuko ya mfamasia hurudi. Ya Vernon ilikuwa na mnunuzi huko Phoenix, aliyependa vidonge vya maumivu na vya usingizi kuliko alivyowapenda wenye maumivu na wasiopata usingizi.

Ijumaa alasiri mzigo ulikuwa umekwisha kufichwa garini, na Vernon alinyatia mlango. Mlangoni akamkuta Bi Arlene Boudreau, mjane mwenye tabasamu la mwalimu wa shule ya Jumapili, ameshika sinia.

"Unakwenda wapi, mwanangu, na sherehe haijaanza? Nimeoka keki ya chokoleti. Ila ujue, ina bangi. Sisi tuliozoea hula robo ya kipande. Mgeni asizidishe hapo."

Vernon nusura acheke. Bangi ya wazee hawa si ndiyo ile yake? Na yake aliijua tangu ikiwa rafuni, baina ya siki na chumvi.

"Mbona anasita?" Mzee Odell akapaza sauti. "Muuza samaki asiyekula samaki, nani atanunua kwake?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Vernon akala kipande kizima. Akala cha pili, cha tatu, na cha nne akakilamba hadi vidole.

"Mnaona? Haina neno. Mtoto mchanga angekula."

"Nimekuonya mbele ya mashahidi," akasema Bi Arlene. "Basi tusomee namba za mchezo wetu wa bingo kabla hujaondoka."

Mwizi mwerevu huaga vizuri. Vernon akashika kipaza sauti. Raundi ya kwanza ilikwenda barabara, na wazee wakamsihi aongeze. Katika ya tatu, akaokota kijitufe akakitazama kwa muda mrefu.

"Saba," alisema kwa huzuni. "Mmewahi kuitazama saba? Maskini! Imeinama peke yake, haina hata pa kuegemea."

"Soma nyingine, wewe! Mimi nabakiza moja!" akafoka bibi mmoja.

Vernon akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama Arlene, ile keki uliitia mafuta yangu kiasi gani?"

"Yako? Hata tone. Yako niliyaonja siku ya kwanza, nikayajua. Mimi nina kadi ya daktari ya kuniruhusu bangi, nanunua kwenye duka lenye kibali. Na daktari huyohuyo ndiye aliyenipunguzia vidonge, kimoja kimoja, kwa miezi, huku akinipima. Hakuninyang'anya vyote kwa siku moja." Tabasamu likatoweka. "Odell hajameza kidonge chake cha moyo tangu jana. Mifuko iko wapi?"

Na tazameni maajabu: mtu ambaye hakuwahi kumwambia ukweli hata mama mzazi, ulimi ulimfunguka.

"Kwenye buti ya gari, mama, chini ya blanketi. Funguo hizi hapa. Mnunuzi ananingoja Phoenix usiku huu." Kisha akanong'ona, kipaza sauti kikiwa mdomoni: "Lakini usimwambie mtu."

Mzee Odell hakungoja bingo iishe. Alirudi amekumbatia mifuko kama wajukuu, akatafuta kidonge chake, akakisukuma kwa chai ya barafu.

"Heri kayamba linalolia kuliko ngoma iliyopasuka," akasema, akihema. "Jumatatu, Arlene, nipeleke kwa huyo daktari wako."

Polisi wakapigiwa simu. Lakini Ocotillo Bend hawamnyimi mgeni chakula, hata akiwa mwizi, na Vernon alikuwa na njaa ya nzige. Wakamketisha, wakampa glasi ya maji, wakamwekea bakuli la saladi. Akala, akaomba nyingine, akaomba ya tatu. Afisa alipoingia na pingu alimkuta akisafisha bakuli kwa kipande cha mkate, macho mekundu, uso umejaa furaha.

"Mama," alisema, mikono ikifungwa, "saladi hii umeiunga na nini? Sijala tamu kama hii tangu nizaliwe."

"Dawa yako, mwanangu," akajibu Bi Arlene. "Dola themanini kichupa. Na katika hilo hukutudanganya: vidonge tulivisahau kabisa tulipokuwa tunakula."