Mwalimu Hagusi Foklifti

Khaemba alikuwa na koti jeupe la daktari, na hajawahi kutibu hata kuku. Alilipata Bungoma, kwa njia zake mwenyewe, na kila mji alioingia lilimpa kazi mpya. Asubuhi moja ya mwaka 1955, akizubaa katika stesheni ya Kitale bila shughuli yoyote ya halali, aliona foklifti ikishushwa kutoka kwenye behewa: gari dogo lenye vyuma viwili mbele, la kunyanyulia magunia ya mahindi. Wapagazi wa ghala waliizunguka wamenywea, kila mmoja akijiuliza kama yeye ndiye atakayefukuzwa. Khaemba alinusa hofu hiyo akajua hapa pana chakula. Kijitabu kilichofungwa kwenye usukani kiliingia mfukoni mwake kabla mashine haijafika ghalani.

Kufikia saa sita alikuwa Mwalimu Khaemba, ametumwa na serikali kufundisha usalama. Atakayepata cheti chake ndiye atakayeendesha, akawaambia, na wengine warudi kwao wakapalilie. Ada ilikuwa kuku. Anayetaka cheti chenye muhuri alete jogoo. Nyongesa, nyapara wa ghala, aliyezoea kula hongo ya kila kibarua mpya, alileta mbuzi mzima ili afaulu kabla ya kusoma. Mtu wa namna hiyo hata kumwonea huruma ni kazi bure.

Wiki nzima walisomea nyuma ya ghala, kwa mkokoteni. Mwalimu alisoma kijitabu kwa sauti ya mhubiri: mzigo uwe chini unapotembea, piga honi kwenye kona, usipite chini ya vyuma vilivyoinuliwa, na mtu asibebwe kwenye vyuma hata akilia. Rispah, muuza uji wa langoni, alikariri akawashinda wanaume wote. Foklifti yenyewe Khaemba hakuisogelea. Mwalimu huangalia, alisema, hagusi. Mwanafunzi mzito kuliko wote alikuwa Mohamud, mgeni mpole aliyeshuka kwa treni siku ya pili, ambaye kila siku aliuliza honi iko wapi.

Khaemba alikwisha sikia kwamba dereva halisi angetoka bandari ya Kilindini na kufika Jumatatu. Basi lake yeye lilikuwa la Jumamosi saa nane, kurudi Bungoma. Vizimba vya kuku vilikuwa tayari mlangoni, mbuzi kafungwa kando.

Jumamosi hiyo saa saba, bwana mkubwa mwenye ghala alipokwenda klabuni, Mohamud alimnong'oneza kwamba juu kabisa ya magunia kuna maturubai mapya ya jeshi, yamesahauliwa huko tangu vita.

"Ngazi hakuna," alisema. "Lakini si mashine iko? Mwalimu aendeshe, mimi nipande."

Khaemba akapiga hesabu. Kuendesha hawezi, kuyaacha maturubai hataki. Akasema kwa ukali kwamba kazi ya juu ni ya mwalimu, mwanafunzi aisogeze tu mashine na kuvuta mkono wake wa kuinulia. Akapanda kwenye vyuma na koti lake jeupe, akainuliwa taratibu bila kutikisika. Mjinga yule hakujiuliza mwanafunzi mzito kajifunzia wapi ulaini ule.

Juu hakukuwa na turubai. Kulikuwa na mavi ya panya. Alipogeuka, vyuma vilikwisha shuka na darasa zima limesimama chini, kimo cha watu watatu kutoka alipo.

"Hii nimeendesha miaka minne Kilindini," Mohamud alimwambia. "Nilifika mapema. Nikakuacha umalize kufundisha, kwa sababu walikuwa wanashika vizuri."

Khaemba alibembeleza, akatisha, akataja serikali. Mwisho akaomba ashushwe kama alivyopandishwa.

Rispah alikuwa akifungua kizimba kumtoa jogoo wake. "Ati na vyuma? Si wewe ndio ulisema mtu asibebwe, hata akilia?"

Na kweli alilia. Mohamud akamwambia angoje, bwana mkubwa atakuja na ngazi, pamoja na askari. Kisha akairudisha foklifti mahali pake, vyuma vikiwa chini, na kwenye kona akapiga honi.

Kuku walitoka mmoja mmoja, kila mmoja kwapani mwa mwenyewe. Huko nje basi la Bungoma lilinguruma likaondoka. Nyongesa ndiye aliyebaki mwisho, ameshika kamba ya mbuzi wake, akatazama juu kwa aibu kidogo.

"Mwalimu," aliuliza, "kwani mimi nimepita?"