Mashine ya Gemu na Bomba la Jikoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka hata kabla wiki haijaanza. Mashine ya gemu niliyonunua kwa mtu imewaka sebuleni, inaniuliza nywila ya intaneti. Sina. Ruta ni ya mke wangu, aliifunga kwa ajili ya kupokea oda za nguo, na nywila aliiweka mwenyewe. Nimemfuata kwenye cherehani, nikamwuliza kwa heshima zote. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema keshokutwa.

Haya. Nitasubiri mpaka Jumatano. Lakini isizidi hapo, maana Jumapili jioni kijana wangu atanisubiri huko chuoni kwao tucheze mpira, yeye kwake, mimi kwangu. Tangu aondoke, tukipigiana simu ni hujambo, sijambo, masomo vipi, mazuri, halafu kimya. Kile kimya kinaniuma. Kwenye gemu angalau tutagombana.

Bomba la jikoni bado linadondosha maji. Sijalisahau. Nilishamwahidi mke wangu.

Jumatano, 5 Juni

Siku imefika. Nimenyoa ndevu, nikaenda kwenye cherehani. Ameniambia ameshanijibu, keshokutwa. Hata kichwa hakuinua. Yaani kusubiri kote kule, sasa nasogezwa tena mpaka Ijumaa. Nilikaa kitandani nikajaribu kukumbuka nimemkosea nini. Yalikuwa mengi, nikaacha.

Kinachonichoma zaidi ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Alikuja kututembelea wiki moja, sasa kochi limeshika umbo lake. Simu yake iko kwenye intaneti asubuhi mpaka usiku. Yeye kapewa nywila, mimi mwenye nyumba napigwa danadana. Nimwulize yeye? Bora nirudishe mashine nilikoitoa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata akili. Mashine ina tundu nyuma. Ukichomeka waya kutoka kwenye ruta, hakuna cha nywila wala nini. Nikaenda dukani. Muuzaji akaniuliza waya wa urefu gani. Nikamwambia asijali, nimeshapima kwa macho.

Umeishia katikati ya korido. Basi nikahamishia mashine na televisheni koridoni, juu ya ndoo niliyoipindua. Ikaunganika! Nilianza hata kuchagua timu. Ndipo mteja wa mke wangu akatoka kujitazama kwenye kioo, gauni limejaa pini, akajikwaa kwenye waya. Mteja ni mzima. Kichwa cha waya kimevunjika. Mke wangu akainama kuokota pini. Shemeji akasema pole shemeji, macho hayakutoka kwenye simu.

Ijumaa, 7 Juni

Leo ndiyo ile keshokutwa ya pili. Sikuuliza. Nina heshima yangu. Nikaamua kuikisia hiyo nywila mwenyewe. Nilijaribu jina la mama mkwe, likakataa. Nikajaribu tarehe ya ndoa yetu, ikakataa. Mke wangu alikuwa akipita na chai. Akachungulia kwenye kioo cha televisheni, akaniambia hatukufunga ndoa tarehe hiyo.

Chai aliinywa peke yake. Baadaye nikajishusha, nikamwuliza, jamani, nywila ni nini. Akasema keshokutwa, mara ngapi nikwambie, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi. Akaenda kulala.

Keshokutwa ni Jumapili. Nimeshaijua hii. Jumapili atasema Jumanne.

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia kijana kumwambia mechi haipo. Akajibu sawa Baba, hakuna shida, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Iliniuma. Nikamweleza kwamba safari hii si mimi, ni mama yake, kila nikimwuliza nywila ananiambia keshokutwa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka bila kujua tunacheka nini, na sikutaka tuache. Alipopata pumzi akasema, Baba, andika hiyohiyo. Herufi ndogo, bila nafasi.

Nikaandika. Ikaingia.

Nimemwuliza mke wangu, katika maneno yote duniani, kwa nini hilo. Akasema ndilo analolisikia zaidi humu ndani akiuliza habari za bomba, kwa hiyo hawezi kulisahau. Sijaelewa bomba linaingiaje hapa.

Jumapili, 9 Juni

Kijana kanifunga mabao saba. Moja nilijifunga mwenyewe. Tumebishana, tumezomeana, na katikati ya kuzomeana kanisimulia mwenzake wa chumbani anayekoroma, na mtihani uliomshinda, ambao hakuwa ameniambia. Akaniuliza Jumapili ijayo nitakuwepo kweli. Nikaapa. Sijawa na furaha hivi siku nyingi.

Kwa furaha hiyo nikaona nimalize kazi. Nimeingia kwenye ruta nikabadilisha nywila, shemeji naye aonje. Nimeweka neno gumu, lenye herufi kubwa, namba na alama, hata mwizi angekata tamaa. Shemeji kainuka kwenye kochi. Nikapiga mluzi.

Kisha intaneti ikakatika kwenye simu ya mke wangu, na oda zake nazo. Kisha mashine ya gemu ikauliza nywila. Nikaenda kuiandika na nikagundua siikumbuki. Nilikuwa na uhakika nitaikumbuka. Nimejaribu kila kitu, mpaka tarehe ya ndoa, ile sahihi.

Mke wangu kaja kusimama mlangoni. Nyuma yake bomba linadondosha. Kauliza nywila mpya ni ipi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, keshokutwa.

Akachukua simu, akaandika, akangoja. Akasema haiingii.

Nikamwambia hiyo si nywila. Hiyo ni siku.