Komisyo ya Kulinganisha Mwili na Kostimu

Inajulishwa kwa watu wote wa Goma, wenye kostimu na wasio nayo, kwamba mwaka 1956 ofisi yetu ya barabara ilitangaza vita dhidi ya wembamba, na ikavishinda kwa asubuhi moja. Mimi, Barthélemy Habarurema, karani mkuu, nilikuwa katibu wa komisyo. Kwa hiyo habari hizi ni za kweli.

Adui alikuwa Télesphore Nsanzimana, karani wa daraja la pili. Alikuwa mtu mpole wa vilima vya Masisi, na tumbo lake liliingia ofisini kabla yake, likasalimiwa kwanza. Munganga wa dispensari alimwambia ana sukari katika damu: aache pombe ya ndizi, apunguze viazi, atembee. Mtu mwenye akili husikia maneno kama hayo, hushukuru, kisha hurudi mezani. Télesphore alitii. Kila asubuhi alitembea hadi Munigi na kurudi, na jioni alikula majani ya lengalenga na maharagwe kidogo. Akaanza kupungua.

Kostimu yake haikupungua. Alikuwa nayo moja tu, koti na suruali ya kijivu, na mshahara wa karani hauzai ya pili. Suruali ikawa inageuka upande wakati yeye anakwenda mbele. Akaipeleka kostimu kwa mke wake Perpétue, aliyekuwa akishona nguo pale Majengo, akamwomba aikate. Mama huyo alikataa.

"Ungali njiani," alimwambia. "Nikikata leo, kesho nitakata tena. Siku utasimama, tutabaki na kitambaa cha mutoto."

Akashona kwa ndani, kwa nyuzi ndefu za kufumuliwa. Akasogeza vifungo, akampa bretele za mabegani badala ya mkanda. Kila mume alipozidi kushuka, mama alifumua na kushona upya, na kola ya shati ilipochakaa aliigeuza. Karavati za shingoni Télesphore alibadilishana na shemeji yake, ili watu wasizizoee. Ofisini jambo hili lilituudhi sana. Mtu anapungua bila kibali, na bado anapendeza.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Van Hove, ambaye watu walimwita Bwana Pima, kwa kuwa alipima kila kitu isipokuwa chakula chake. Aliposikia kwamba enspekta anakuja kutoka Bukavu, alituita. Alieleza kwamba karani mwembamba ni barua ya malalamiko yenye miguu. Enspekta akimwona, atadhani serikali haiwalishi watu wake. Papo hapo ikaundwa Komisyo ya Kulinganisha Mwili na Kostimu, na Bwana, mnene kuliko sisi sote, akajitolea yeye mwenyewe kuwa kipimo.

Tulijadili kwa kina. Kostimu ilikuwa vile vile siku zote. Mwili ndio uliobadilika bila kutoa taarifa. Kosa, basi, lilikuwa la mwili. Tukaamua Télesphore arudie unene wake kabla ya ukaguzi. Asipoweza, ajaziwe pamba kutoka depo, ghala la serikali. Akikataa yote mawili, aache kazi.

Nilimpelekea uamuzi huo mimi mwenyewe. Aliusikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya meza yake, kama mtu anayemshika ng'ombe wake anayekaribia kuuzwa.

"Papa Barthélemy," alisema, "munganga aliniambia nikirudi kule nitakufa. Niko na watoto."

Nilirudi kwa Bwana na neno hilo. Alinituma nimjibu kwamba kufa si kazi ya ofisi ya barabara. Kuna biro nyingine inayoshughulikia. Nilimjibu hivyo, kwa upole unaostahili.

Makarani wengine walielewa haraka kuliko yeye. Ikiwa unene ni sifa, nani atabaki nyuma? Wakaomba pamba hata wale ambao hawakuamriwa. Mimi, kama katibu, nilitoa mfano: nilijijazia mbele na nyuma, nikawa siwezi kukiona kiti ninachokalia. Siku ya ukaguzi tulijipanga barazani kama magunia ya maharagwe siku ya soko, Bwana Pima mbele yetu, jasho likitutiririka. Télesphore alisimama mwishoni mwa mstari, mwembamba, kostimu imemkaa sawasawa. Pamba aliikataa pia, na alikwisha kukusanya vitu vyake mezani. Nami nikamwonea huruma, jinsi mtu mnene anavyomwonea mwembamba.

Enspekta alikuwa mzee mkavu, mwenye Kiswahili cha miaka mingi. Alitutazama mmoja mmoja, taratibu. Kisha akasema kwamba wafanyakazi wa barabara kule Kibati hawajapata posho kwa muda mrefu. Amekuja kutafuta mchele wao na maharagwe yao. Sasa, akasema, anaona ameyapata.

Bwana Pima alikuwa mwepesi wa akili. Alipaza sauti kwamba huo si unene, ni pamba, na akatuamuru tuitoe mara moja mbele ya mgeni. Tulitii. Tulifungua vifungo, tukavuta, tukavuta tena, mpaka pamba ikafika magotini. Enspekta akauliza pamba hiyo ni ya nani. Sote tuligeuka kutazama mlango wa depo. Akamwita Télesphore, akamshika kiuno cha kostimu kwa vidole viwili, akaona hakuna kitu ndani ila mtu. Akamkabidhi ufunguo wa depo hapo hapo, na kazi yake ikabaki yake.

Kisha akamgeukia mkuu wetu.

"Na ya kwako, Bwana?"

Tulisubiri sote, mashati wazi, pamba miguuni. Bwana Pima alifungua kifungo kimoja, akafungua cha pili. Yake haikutoka.