Kasri la Chokoleti Lililogoma Kutoka

Jumanne, 3 Juni

Leo nimetangaza vita dhidi ya siagi. Watu wazima, wenye akili zao timamu, wanapaka siagi ndani ya tini ya keki kabla ya kumimina rojo. Nimewauliza kwa nini. Wananijibu eti ndivyo inavyofanywa. Hilo si jibu! Huo ni utumwa wa mazoea! Nimesoma vitabu vingi kuliko ukoo mzima wa mke wangu, na hakuna hata kimoja kilichonishawishi kuhusu siagi.

Isitoshe, mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alioka keki Jumapili ikatoka nzima. Wakampigia makofi. Mtu ambaye hajawahi kumwandikia mhariri hata barua moja!

Basi mchana, mke wangu akiwa kazini, nikachukua tini aliyoiazima kwa dada yake. Si tini ya hivi hivi. Ina umbo la kasri: minara, madirisha, ngazi za kuzunguka. Nikaoka keki ya chokoleti. Bila siagi. Nikaipindua.

Kitako kilitoka. Kasri likabaki ndani.

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, alichungulia akaniambia niiloweke kwa maji ya moto na sabuni, mwanangu, halafu niiache. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kuiacha si mkakati. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kuna jambo moja dogo. Shemeji, huyo dada yake mke wangu, anaijia tini yake Ijumaa. Jumamosi anapeleka keki ya kasri kwenye hoteli inayotafuta mwokaji wake wa kudumu. Ameingoja nafasi hiyo tangu aanze kuoka. Hana tini nyingine ya namna hiyo. Hakuna haraka.

Jumatano, 4 Juni

Kijiti cha meno. Kikavunjika ndani ya mnara mkubwa. Nikaleta cha pili kimtoe cha kwanza. Sasa viko viwili.

Mke wangu aligundua saa ya chai. Aliniuliza kama kichwani mwangu kuna mtu au nimepangisha. Akaapa kwamba nikigusa tini ya watu kwa kisu au kwa waya wa kusugulia, nitakula kwa jirani. Nikamwambia mapinduzi yote huanza kwa kutoeleweka. Akasema mapinduzi yaishe kabla ya Ijumaa.

Nikaenda gereji. Fundi ana pampu ya upepo inayojaza matairi ya lori. Aliigonga tini kwa ukucha, akaniuliza mzee, hii ni keki au ni zege? Wasaidizi wake wakaanguka kwa kicheko. Nikawapuuza. Nikaamuru upepo.

Vijiti vikatoka! Vikaruka kama mishale! Pamoja navyo ukatoka mnara mmoja, ukatua kwenye kioo cha gari jeupe lililokuwa limeoshwa muda huo huo. Mwenye gari alinishukuru kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilirudi nyumbani kwa mbio, nina chokoleti kwenye nyusi na furaha tele. Mnara mmoja si haba!

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata! Nimepata! Sisimizi!

Nani hula makombo bila kulipwa, bila kukwaruza, na huingia kwenye kila dirisha? Nimeweka tini barazani, penye njia yao, nikanyunyizia maji ya sukari. Nusu saa, jeshi zima! Wanapanda ngazi! Wanatoka dirishani na mizigo mgongoni! Nikacheza peke yangu, mikono juu, kiuno kikakataa.

Mwanyumba akatokea katikati ya mchezo. Aliniuliza kulikoni, bwana mkubwa. Nilimjibu nafanya utafiti. Akaiinamia tini. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayonichefua, si uiloweke tu, ndugu yangu? Hata huyu! Amepangwa na mama mkwe, hilo liko wazi.

Mvua ikaanza. Sikutaka kazi isimame, nikaihamishia tini jikoni, juu ya kabati la sukari.

Ijumaa, 6 Juni

Sisimizi wameingia kwenye sukari. Na kwenye unga. Na kwenye soksi zangu. Mama mkwe amehamishia kiti chake uani, anasema anawaachia wenyeji nafasi.

Shemeji alifika asubuhi, macho mekundu kwa wasiwasi. Nikajificha nyuma ya pazia kutayarisha hoja. Lakini mke wangu alimkabidhi tini inang'aa! Kila dirisha, kila ngazi! Shemeji akaikumbatia kama mtoto. Kumbe mke wangu aliamka alfajiri, akailoweka kwa maji ya moto na sabuni, kisha akaisugua kwa mswaki.

Sitaki kumvunja moyo, lakini ni dhahiri sisimizi walikuwa wamemaliza kazi. Yeye amesuuza tu.

Jumamosi, 7 Juni

USHINDI!

Shemeji amepewa kazi! Alikuja akikimbia, kiatu kimoja mkononi, akalia, akacheka, akambusu kila mtu, hata mimi. Alisema keki ilitoka nzima kama imechongwa. Ila mezani, mbele ya mkuu wa hoteli, sisimizi mmoja alichomoza kwenye dirisha la mnara mkubwa. Shemeji, roho mkononi, akasema huyo ni mlinzi wa kasri, hajalipwa mshahara. Mkuu wa hoteli akacheka mpaka akapaliwa. Akampa kazi hapo hapo.

Sisimizi wangu! Nimewaambia wote kwamba kazi hiyo imepatikana kwa mchango wangu. Mke wangu alinitazama, akaenda kupumzika. Mama mkwe bado anacheka huko uani. Mwanyumba alinipa mkono, akanipongeza. Ana wivu.

Kitu kimoja tu sikielewi. Tangu jana mswaki wangu una ladha ya chokoleti. Nitamwandikia mhariri kuhusu dawa za meno za siku hizi.

Shemeji amesahau mfuko wake hapa. Ndani mna tini mpya, umbo la nanasi, macho yote yamechongwa moja moja. Nimewasha oveni. Siagi sitapaka ng'o.